Ladha ya Riwaya Isiyo na Mwema

Hudaiwa mara nyingi kwamba msomaji hawezi kuipenda riwaya asiyompenda mhusika wake hata mmoja. Dai hili linapingwa na And Then There Were None, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1939. Watu 10 wamekusanywa kisiwani; santuri inawashtaki wote kwa mauaji; kisha wanakufa mmoja baada ya mwingine. Hakuna wa kumwonea huruma, lakini msomaji hasinzii mpaka aufikie mwisho.

Siri ya mvuto huo i katika msuko. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa wa kutuongoza. Kisiwani humu mpelelezi aliyemo naye ni mshtakiwa. Kwa hiyo kazi ya kupeleleza inamwangukia msomaji. Kutowapenda wahusika ndiko kunakomwezesha kuwapima wote kwa mizani moja.

Hata hivyo, yatupasa sisi wa Afrika Mashariki tuulize ni nani waliosahauliwa katika hukumu hiyo. Philip Lombard anakiri bila haya kwamba alichukua chakula akawaacha Waafrika 21 wa pande zetu wafe. Mtoto Cyril, aliyeachiwa azame baharini, ana jina na sauti, na kumbukumbu yake inamwandama mkosaji wake mpaka kitanzini. Wale 21 hawana majina, wala hawamwandami mtu. Mwandishi ametutayarisha tumchukie Lombard. Hakututayarisha tuwalilie wafu wake. Uhakiki wetu wa riwaya hii hauna budi kuanzia hapo.