Siri ya Ndoa Katika Kambi ya Wachimbuzi: Tathmini ya Murder in Mesopotamia

Je, mwanamke anaweza kuolewa na mwanamume yuleyule mara mbili asimtambue? Swali hili ndilo linaloibeba riwaya ya Agatha Christie, Murder in Mesopotamia (1936), na kwa maoni yangu ndilo linaloielemea.

Kisa ni hiki. Louise Leidner yuko Iraq, katika kambi ya wanaakiolojia inayoongozwa na mumewe, Dkt. Leidner. Mumewe wa kwanza, Frederick Bosner, aliyemwoa mwaka 1918, alikuwa jasusi wa Ujerumani. Louise mwenyewe ndiye aliyemfichua, na yasemekana Bosner alifia katika ajali ya garimoshi. Tangu hapo, kila Louise anapomkaribia mwanamume mwingine, barua za vitisho humjia. Hatimaye anauawa chumbani mwake ilhali hakuna mgeni aliyeingia uani. Mpelelezi Poirot anafukua ukweli: Leidner ndiye Bosner, aliyejitwalia jina la msomi aliyekufa katika ajali ile.

Mandhari hapa yana kazi. Christie aliujua uchimbuzi. Alizuru Ur mwaka 1928, akarudi 1930 na kukutana huko na mwanaakiolojia Max Mallowan, wakaoana mwaka uo huo. Silaha ya mauaji ni jiwe la kale la kusagia nafaka. Muuaji yuko juu ya paa akipanga vigae vya vyungu, kazi yake ya kila siku, na kwa kuwa hakushuka hakuna anayemshuku. Mtahiniwa anayeandika kwamba 'mandhari ni Iraq' kisha akaweka nukta hajasema lolote. Aonyeshe kwamba bila paa hilo mauaji hayangewezekana.

Kidokezi kikubwa zaidi ni kimya. Barua zilimwandama Louise kwa kila mchumba, lakini alipochumbiwa na Leidner hazikuja. Zilikuja baada ya harusi. Kwa nini mwandishi wa barua aliiachia ndoa hii tu? Jibu liko wazi mbele ya macho yetu, nasi tunalipita. Huo ndio ufundi wa taharuki.

Tunapitishwa pia na msimulizi. Muuguzi Leatheran anasimulia kwa nafsi ya kwanza, naye anamhurumia Dkt. Leidner tangu mwanzo. Kama Najum mbele ya Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, haoni mbali kama mpelelezi. Tofauti ni kwamba huruma yake inatuambukiza.

Sasa turudi kwenye lile swali. Watetezi watasema ndoa ya kwanza ilidumu miezi michache tu, Louise akiwa na miaka ishirini, na takribani miaka kumi na mitano ikapita. Haya, uso hubadilika na ndevu huota. Lakini sauti je? Mwendo? Riwaya haitupi hata dakika moja ya Louise kusita, akahisi kitu asichoweza kukitaja. Sadfa ningeisamehe, pengo hili katika usawiri wa mhusika ni vigumu. Na inasikitisha, kwa sababu Louise ndiye mhusika aliyechorwa kwa kina kuliko wote: mrembo, mwerevu, mwenye kupenda kuwachezea watu wanaomzunguka. Mwanamke mwenye macho makali hivyo, aliyewahi kumfichua jasusi nyumbani mwake, anaishi naye tena miaka miwili bila kumshuku.