Connacht baada ya ubingwa: mikono iliyoondoka Galway

Mei 28, 2016, katika uwanja wa Murrayfield jijini Edinburgh, Connacht iliilaza Leinster 20-10 na kutwaa ubingwa wa ligi ya Pro12. Lilikuwa taji kubwa la kwanza katika historia ya timu hiyo ya raga. Septemba 3 mwaka huohuo mabingwa walifungua msimu mpya nyumbani kwao Galway, wakachapwa 41-5 na Glasgow. Kocha alikuwa yuleyule, Pat Lam. Nahodha alikuwa yuleyule, John Muldoon. Hata wapinzani walikuwa walewale waliokuwa wameondolewa kwenye nusu fainali, uwanjani hapohapo, wiki moja kabla ya Murrayfield.

Wengi walieleza anguko lile kwa neno moja: uchovu. Wengine walisema nyota wao Robbie Henshaw ameondoka, basi yamekwisha. Sikubaliani na maelezo hayo mawili, na sababu zangu zimo ndani ya mchezo wenyewe, katika namna Connacht ilivyokuwa ikipitisha mpira kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine.

Raga ya kulipwa nchini Ireland inasimama juu ya majimbo manne. Leinster ina Dublin, shule zake tajiri na karibu kila kipaji anachotamani kocha. Munster ina Limerick na Cork, Ulster ina Belfast. Connacht iko magharibi, upande wa Atlantiki, na sensa ya 2016 ilihesabu huko watu wapatao 550,000 tu, wengi wao wakiwa wapenzi wa soka ya Kigaeli kabla ya raga. Mwaka 2003 Shirikisho la Raga la Ireland lilifikiria kuivunja timu hii ili kubana matumizi. Mashabiki wakaandamana hadi Dublin na mpango ukaachwa. Uwanja wao, Sportsground, ulizungukwa na njia ya mbio za mbwa, na upepo wenye mvua unaotoka baharini huukata kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayeujua uwanja huo angekuambia kwamba hapo timu ya busara hupiga mpira kwa mguu, hufukuzia, hukaba, na kungoja mpinzani akosee.

Lam alifika 2013 na kusema kinyume chake. Yeye ni mzaliwa wa Auckland na aliwahi kuwa nahodha wa Samoa, na hoja yake ilikuwa rahisi: timu isiyo na miili mikubwa ya kutosha wala pesa za kuinunua haiwezi kushinda kwa kugongana. Lazima iuhamishe mpira haraka kuliko mpinzani anavyoweza kuhama. Ili hilo liwezekane, kila mtu kikosini, wakiwemo wale wa safu ya mbele wenye kilo 115, alipaswa kutoa pasi kama beki. Dave Ellis alikabidhiwa kazi ya kunoa ufundi wa mikono. Msimu wa kwanza Connacht ilimaliza nafasi ya 10 kati ya timu 12, wa pili nafasi ya 7, wa tatu nafasi ya 2, kisha ikatwaa kombe. Ngazi hizo tatu zinaonyesha muda ambao kazi ya namna hii inauhitaji. Haikuzaa matunda mwaka wa kwanza, na ingekuwa Ufaransa au Uingereza huenda kocha angefukuzwa kabla ya Krismasi.

Sasa tuutazame mpira wenyewe. Katika raga pasi hairuhusiwi kwenda mbele, kwa hiyo kila shambulizi huanza nyuma kidogo ya mstari wa ulinzi. Timu nyingi za wakati ule ziliwatumia fowadi, wale wachezaji wazito wa mbele, kwa kazi moja: mpira ukitoka kwa mgawaji wake, nambari 9, fowadi anaupokea kwa kasi, anajigonga kwa mlinzi, anaanguka, wenzake wanamfunika, na mpira unatoka tena. Mlinzi anayekabiliana naye hana la kufikiria. Anainamisha bega na kugonga.

Fowadi wa Connacht walisimama tofauti. Walijipanga watatu watatu kwa upana wote wa uwanja badala ya kurundikana karibu na mpira. Aliyekuwa katikati ya watatu hao alipoupokea mpira alikuwa na njia tatu kwa wakati mmoja. Angeweza kuingia nao mwenyewe. Angeweza kumsogezea jirani yake pasi fupi ya mita moja au mbili, mpira usikae mikononi hata sekunde. Au angeweza kuuzungusha nyuma ya mgongo wa jirani huyo hadi kwa nambari 10, mpangaji wa mashambulizi, aliyekuwa akija kwa kasi nyuma yao pamoja na mabeki. Uamuzi huo hufanyika mlinzi akiwa hatua mbili mbele yako, mpira ukiwa umelowa, na mabega yako yakiwa bado yanaelekea mbele ili usimwonyeshe nia yako. Mlinzi akimfuata fowadi, mpira unapita nyuma yake. Akisubiri aone, fowadi anaingia na kupata mita tatu za bure. Nusu sekunde ya kusitasita ndiyo iliyokuwa bidhaa ya Connacht. Kila kilichofuata, mbio za Matt Healy pembeni, mabega ya Bundee Aki katikati, kilinunuliwa kwa nusu sekunde hiyo.

Mtu aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko wote alikuwa Aly Muldowney. Jina hilo halikuwahi kupamba mabango. Alikuwa mchezaji wa safu ya pili, mrefu, asiye na kasi ya kutisha, aliyefika Galway kutoka Exeter mwaka uleule wa 2013 Lam alipofika. Tazama upya mechi yoyote kubwa ya msimu ule ukimfuata yeye peke yake. Utamwona akisimama mahali ambapo kwa timu nyingine ungemkuta nambari 10, akipokea mpira wa kwanza, akiutoa kwa mikono laini sana kwa mtu wa ukubwa wake. Katika soka tungemwita kiungo. Propu Denis Buckley na Finlay Bealham, na Tom McCartney aliyevaa nambari 2, walifanya kazi hiyohiyo kwa viwango tofauti, lakini Muldowney ndiye aliyeipa mwendo wake.

Fainali ya Murrayfield ilionyesha jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Kila mtu aliisifu Connacht kwa pasi zake, na ni haki. Hata hivyo, kati ya trai zake tatu siku ile, mbili zilitokana na mguu. Tiernan O'Halloran alifungua mapema. Kisha Niyi Adeolokun, winga aliyezaliwa Nigeria na kukulia Dublin, akaudokoa mpira juu ya walinzi, akawapita, akauwahi mwenyewe na kuugusisha chini. Hadi mapumziko ilikuwa 15-0. Kipindi cha pili AJ MacGinty, nambari 10, aliusukuma mpira kwa mguu nyuma ya mstari wa Leinster, Healy akaukimbilia na kumaliza kazi.

Je, hiyo ilikuwa bahati? Naamini haikuwa. Leinster walikuwa wameusoma mchezo wa Connacht na walijua mpira utahama kutoka ukingo hadi ukingo. Jibu la kawaida kwa timu ya pasi ni kupanga walinzi wengi kwenye mstari mmoja na kuwapandisha kwa kasi ili kuziba nafasi. Walinzi wakipanda wote, nyuma yao hubaki uwanja mtupu. Pasi za miezi tisa ndizo zilizowavuta mbele, nao mguu ukachuma pale palipoachwa wazi. MacGinty aliona hilo kwa sababu alikuwa na muda wa kuinua macho, na muda huo alipewa na fowadi waliokuwa mbele yake.

Sasa njoo kwenye majira ya joto ya 2016. Henshaw alihamia Leinster. Alikuwa kijana wa Athlone aliyelelewa na Connacht hadi timu ya taifa, na kuondoka kwake kuliuma kuliko takwimu yoyote inavyoweza kueleza. Magazeti yaliandika juu yake wiki baada ya wiki. Wakati huohuo, pasipo kelele nyingi, MacGinty aliondoka kwenda Sale baada ya msimu mmoja tu, na Muldowney akaenda Grenoble. Rodney Ah You alikwenda Ulster. Nathan White alilazimika kustaafu kwa sababu ya majeraha ya kichwa.

Ukiwapima kwa hadhi, Henshaw anawazidi wote. Ukiwapima kwa nafasi yao kwenye njia ya mpira, hesabu inabadilika. Henshaw alisimama kwenye mwisho wa njia hiyo. Alipokea mpira nafasi ikiwa imeshafunguliwa, na Connacht bado ilikuwa na Aki, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Muldowney na MacGinty walisimama mwanzoni. Mmoja aliamua mpira uende wapi, mwingine aliupokea na kuamua tena. Kuwaondoa wawili hao kwa mpigo ni kama kutoa kamba ya chini ya jarife na kubaki na nyavu nzuri zisizofika mchangani.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo lilitokana na mafanikio yenyewe. Juni 2016 timu ya taifa ya Ireland ilizuru Afrika Kusini kwa mechi tatu, na wachezaji wa Connacht ambao miaka miwili nyuma wangekuwa likizoni walikuwa kwenye ziara hiyo: Marmion, Bealham, Ultan Dillane, O'Halloran, Healy, Quinn Roux. Kwao ilikuwa heshima kubwa, na Ireland iliushinda mchezo wa kwanza Cape Town 26-20, mara yake ya kwanza kuishinda Afrika Kusini katika ardhi ya Afrika Kusini. Lakini mchezaji anayerudi kutoka ziara ya Juni hupewa mapumziko ya lazima, na utaratibu huo wa Ireland ni mzuri, nauunga mkono. Maana yake ni kwamba Julai, mwezi ambao kikosi cha Lam kilipaswa kuwafundisha wageni mahali pa kusimama na pa kutazama, waliojua zaidi hawakuwapo mazoezini.

Ukweli huo ndio unaonifanya nilikatae jibu la uchovu. Timu iliyochoka hukimbia vibaya dakika ya 70. Connacht ya Septemba ilikuwa inachelewa tangu dakika za mwanzo: pasi fupi ilimkuta jirani amesimama, pasi ya nyuma ilimfika nambari 10 kifuani mlinzi akiwa tayari mbele yake. Nia ilikuwa ileile, ila ile nusu sekunde ilikuwa imehamia upande wa mpinzani.

Msimu ule haukuwa giza tupu. Oktoba waliwafunga Toulouse 23-21 Galway katika Kombe la Mabingwa la Ulaya. Katika mechi ya mwisho ya makundi waliikosa robo fainali kwa kulala 19-10 ugenini kwa Toulouse haohao. Kwenye ligi walimaliza nafasi ya 8. Desemba ilikuwa imeshatangazwa kwamba Lam angehamia Bristol msimu ukiisha, na sidhani kuna kikosi kinachosikia habari kama hiyo katikati ya msimu kikabaki kilivyokuwa. Kieran Keane aliyemrithi alidumu mwaka mmoja. Andy Friend aliyefuata 2018 aliirudisha timu kwenye hatua ya mtoano katika msimu wake wa kwanza.

Kwa anayetaka kuipima timu ndogo kati ya msimu na msimu, nashauri aiache kwanza orodha ya majina makubwa yanayoingia na kutoka. Achukue video ya mechi tatu za mwisho, ahesabu ni mikono ya nani inayougusa mpira kati ya nambari 9 na winga, kisha aangalie wangapi kati ya hao bado wana mkataba ifikapo Julai. Leinster ikipoteza wawili, wapo wengine wanne waliokua na mfumo huohuo kwenye akademia yake. Connacht ikipoteza wawili inaingia sokoni, na sokoni hununui miaka mitatu ya kumzoea jirani yako.

Waliobaki Galway baada ya 2016 ndio waliobeba kilichosalia cha mchezo ule. Aki na Bealham, wote walioanza fainali ya Murrayfield, walivaa jezi ya British and Irish Lions nchini Australia mwaka 2025 wakiwa bado wachezaji wa Connacht. Aki alikuwa na miaka 35, Bealham 33. Majira hayohayo Stuart Lancaster alichukua usukani wa timu. Naye ana kazi ileile aliyokuwa nayo Lam mwaka 2013, tofauti yake ni kwamba kwenye uwanja wa mazoezi bado anao wawili wanaoweza kuwaonyesha vijana mahali pa kusimama, na miaka yao ya kufanya hivyo si mingi.