Njia Moja ya Hewa: Kukagua Uzuiaji wa Maji na Tope kwenye Pikipiki

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, injini ya pikipiki hukabiliwa na vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na masika yanapoanza hukabiliwa na maji ya makorongo pamoja na tope la mabonde ya Pangani na Lwengera. Vyote hivyo huingilia mlango mmoja, yaani mdomo wa kuvutia hewa, ambao katika pikipiki nyingi za bodaboda umefichwa chini ya kiti. Hewa huupitia hadi kwenye boksi la filta, kisha hufuata bomba la mpira hadi kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na petroli.

Madhara yake si madogo. Katika injini ya cc 125, pistoni ikifika juu kabisa hubakiza nafasi ya takribani mililita 15, yaani kijiko kimoja cha chakula, na kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa, kiasi hicho kikiingia injini ikiwa na kasi huweza kuipinda fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Vumbi huua polepole: likichanganyika na oili husugua ringi na kuta za silinda kama msasa, hadi injini ianze kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Kwa hiyo ubora wa kazi ya fundi haupimwi kwa wingi wa silikoni iliyopakwa nje ya boksi, ambayo mara nyingi ni dalili ya haraka, kwa kuwa silikoni iliyopakwa juu ya vumbi haishiki. Fundi stadi huosha ukingo wa boksi na kuukausha, hukagua mpira wa mfuniko kama bado unarudi ukibonyezwa, na hurudisha kila skrubu mahali pake. Filta ya sponji huiloweka kwa oili, kisha huikamua bila kuisokota, mpaka rangi ienee sawasawa pasipo kudondosha. Filta ya karatasi hupulizwa vumbi au hubadilishwa, wala haipakwi oili. Wapo wanaoifunga filta kwa mfuko wa plastiki, ambao ulipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kama usingepigwa marufuku bado ungeinyima injini pumzi: plagi huwa nyeusi kwa masizi, na pikipiki hulegea inapopanda milima ya Bungu.

Jicho la mjuzi hutua kwanza kwenye bomba la mpira lililo kati ya boksi na kabureta, kwa sababu ufa ulio baada ya filta huingiza uchafu usiochujwa kabisa. Bomba hilo hufunguliwa, hukunjwa kidogo ili nyufa zijitokeze, kisha hufutwa ndani kwa kitambaa cheupe; kitambaa kikitoka na wekundu, hukumu imekwisha kutolewa, hata kama boksi linang'aa. Kipimo cha pili hufanywa injini ikinguruma taratibu: mdomo wa hewa huzibwa kwa kiganja, na injini inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea kunguruma, ipo njia nyingine ya hewa, ama kwenye bomba hilo, ama kwenye kiungio cha kabureta na injini.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni vipira vyembamba vya kabureta, ambavyo huruhusu bakuli lake la petroli kupumua. Ncha zake zikizama mtoni, petroli haishuki ipasavyo na injini huzima ilhali boksi ni kavu, na lawama huangukia filta isiyo na kosa. Fundi anayejua kazi hupandisha ncha ya kipira cha kupumulia hadi chini ya tenki, na kile cha kumwagia petroli iliyozidi hukiacha kielekee chini.

Anayenunua pikipiki iliyotumika, iwe Handeni mjini au Korogwe, aombe kava la ubavuni lifunguliwe na bomba lifutwe mbele yake kabla ya kutaja bei. Muuzaji akikataa, bei ijadiliwe kana kwamba silinda na ringi zinahitaji kubadilishwa.