Kitabu Saa Saba Mchana

Kumweleza kitabu mtu ambaye hajakisoma, ndani ya saa moja, huku tumbo lake likidai chakula, ni ufundi kamili. Vikundi vya wapenzi wa maktaba vyuoni vinavyoandaa mazungumzo ya vitabu wakati wa chakula cha mchana vinastahili sifa kwa kuulea ufundi huo. Mlango huwa wazi kwa yeyote: mwanafunzi wa uhandisi, karani wa masjala, dereva anayemsubiri bosi, mstaafu wa jirani. Darasani mwanafunzi hufungwa na maksi na mahudhurio. Hapa hakuna kinachomfunga msikilizaji ila mazungumzo yenyewe. Yakichosha, huinuka akaenda zake.

Ufundi huu una mizizi mirefu. Chuo cha Gresham jijini London kilianza mwaka 1597 kwa wosia wa mfanyabiashara Thomas Gresham, kikitoa mihadhara ya bure kwa umma. Mhadhara ulitolewa kwa Kilatini, kisha ukarudiwa kwa Kiingereza ili mwenye duka naye apate chake. John Bull, mwalimu wa muziki, Kilatini hakikumkaa sawasawa, akapewa ruhusa maalumu ya kufundisha kwa Kiingereza pekee. Hebu tulitafakari hilo: lugha ambayo leo vyuo vyetu vinaitumia kama ndiyo elimu yenyewe, kwao iliwahi kuombewa ruhusa ili isimame peke yake. Nasi pwani tunayo darsa. Sheikh husoma sentensi ya kitabu cha Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, akaifafanua, ndipo akaiendea inayofuata; mvuvi aliyeegemea nguzo huondoka na maana hata kama sarufi ya Kiarabu haijui. Kwa hiyo msomi anayekileta kitabu cha Kiingereza mbele ya watu kwa Kiswahili hashushi hadhi ya elimu. Anafanya kazi ambayo wazee wetu waliifanya kwa karne nyingi.

Asiye fundi hutaka kukimaliza kitabu: sura ya kwanza inasema hivi, ya pili vile, na saa imekwisha. Fundi huchagua swali moja. Chukua How Europe Underdeveloped Africa cha mwanahistoria Walter Rodney, kilichotolewa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, mwandishi akiwa bado anafundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzungumzaji anaweza kukiingilia kwa ramani ya reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Anapitisha kidole kutoka ziwani hadi bandarini, kisha anauliza: hii iliwekwa ili nani afike wapi? Kila aliyemo ukumbini anaijua reli hiyo. Ndipo anafungua ukurasa alioutia alama, anasoma aya moja taratibu, anakifunga kitabu kidole kikiwa ndani, na kunyamaza. Kimya hicho ni sehemu ya ufundi.

Wapo wanaohofia kwamba mtindo huu huzaa wajuaji nusunusu, watu wa kutaja vitabu wasivyovisoma. Hofu hiyo ina msingi, lakini kosa ni la muhtasari, unaompa mtu hisia kwamba amemaliza. Mazungumzo mazuri humwacha na njaa. Wala kusema na watu wa kawaida hakuipunguzi fikra: mazungumzo ya Rodney nchini Jamaika mwaka 1968 ndiyo yaliyozaa The Groundings with My Brothers mwaka uliofuata. Wengine husema rekodi kwenye simu inatosha. Rekodi ni msaada mkubwa kwa aliye mbali, ila haiulizwi swali. Karani akimbana profesa hadi profesa akiri kwamba hapo hajui, wote waliomo wameona jinsi fikra inavyofanya kazi.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja. Jengo kubwa namna hiyo laweza kujaa watu walioinamia madaftari yao ya mtihani, vitabu vikabaki rafuni. Mkutubi anayeijua kazi yake huweka nakala mezani kabla ya mazungumzo, na namba ya rafu kwenye kipande cha karatasi. Saa nane kasoro dakika tano watu wanainuka. Wawili watatu wanapita pale mezani. Mmoja anakifungua kitabu akiwa amesimama, anautafuta ule ukurasa wa reli.