Kitabu cha Mwaka cha Shule Isiyokuwepo

Mwaka 1974 Marekani ilizaa vitu viwili ambavyo wakati ule havikujuana. Cha kwanza ni Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu huketi kuizunguka meza, kila mmoja akavaa nafsi ya mtu wa kubuni, mmoja wao akawa msimulizi, na dadu zikakata shauri pale maneno yaliposhindwa. Cha pili ni kitabu cha jarida la vichekesho la National Lampoon, kilichohaririwa na P. J. O'Rourke na Doug Kenney, kinachojifanya kuwa kitabu cha mwaka 1964 cha shule moja ya sekondari katika mji wa Dacron, jimbo la Ohio. Mji huo haupo, wala shule yenyewe haipo. Hata hivyo sura za wanafunzi zimo, na vyama vyao, na timu zao. Na juu ya hayo yote kuna maandishi ya mkono ya wenzake Larry Kroger, kijana ambaye nakala hiyo inadaiwa kuwa mali yake.

Kitabu cha mwaka ni ada ya shule za Kimarekani. Masomo yakikaribia kwisha hupigwa chapa kitabu chenye jina na picha ya kila mwanafunzi, pamoja na utabiri wa mzaha juu ya nani atakuwa tajiri na nani ataoa kwanza. Kisha kitabu hupita mkono kwa mkono ili marafiki watie saini. Kazi ya O'Rourke na Kenney ilifanikiwa kwa sababu moja ambayo waigaji wao wengi hawajaitambua: ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba anachekesha. Mwalimu mkuu anaandika kama mwalimu mkuu. Msichana anayetia saini anatia saini kwa upendo au kwa unafiki, hatumbukizi kisa. Kisa kinajengwa na msomaji, anapoiona sura ileile katika ukurasa wa tatu na wa thelathini, akajiuliza kulitokea nini katikati.

Ndoa ya vitu hivi viwili ilichelewa, ijapokuwa posa ilikuwa mlangoni siku nyingi. Katuni za mashujaa zilikwisha kumweka shujaa darasani: Spider-Man wa mwaka 1962 ni mwanafunzi wa sekondari, na X-Men wa mwaka 1963 ni shule nzima. Mchezo wa Champions ukawaleta mashujaa hao mezani mwaka 1981, na mwaka 2016 Brendan Conway akatoa Masks, mchezo ambao wahusika wake wote ni vijana wenye nguvu za ajabu ambao bado hawajajua wao ni nani. Ndipo ikaingia desturi ya msimulizi kuwatengenezea wachezaji wake, kabla ya kikao cha kwanza, kitabu cha mwaka cha shule ya kubuni ambamo mashujaa hao watasoma. Hutafuta picha, akabuni majina, akagawa vyeo vya viranja, akaandika saini za watu wasiokuwepo kwa miandiko mbalimbali.

Kama fani, hii ni fasihi, na inastahili kuhukumiwa kama fasihi. Hukumu ya haki ni kwamba vitabu vingi vya namna hii ni dhaifu. Udhaifu wao ni wa aina moja: kila picha ni kidokezo. Huyu ana tabasamu la siri, yule baba yake ni mwanasayansi aliyepotea, na yule wa tatu hakuonekana shuleni usiku wa moto mkubwa. Shule ya watoto mia mbili inakuwa na siri mia mbili, na palipo na siri mia mbili hakuna siri. Zaidi ya hayo, saini zote zina ulimi mmoja, ulimi wa msimulizi, hata kama ameazima kalamu za rangi saba. Shule ya kweli imejaa watoto wanaocheza mpira vibaya na hawana jambo jingine la kusimuliwa. Bila hao, shujaa hana umati wa kujificha ndani yake.

Lakini udhaifu huo ni wa watungaji, si wa umbo. Umbo lenyewe lina nguvu ambayo riwaya huipata kwa shida. Kitabu cha mwaka ni maandishi juu ya mtoto yaliyoandikwa na watu wengine. Yeye mwenyewe hana neno ndani yake, ila jina na sura. Katika Masks, kila kijana ana alama tano zinazopanda na kushuka, mojawapo ikiwa kiasi anachoonekana kuwa hatari, nyingine kiasi anachoonekana kuwa mkombozi. Na wanaozipandisha na kuzishusha ni watu wanaomwambia yeye ni mtu wa namna gani, wakubwa zaidi ya wote. Kitabu cha mwaka ni chombo hichohicho kikiwa kimegandishwa kwa wino. Anayekifungua anasoma jinsi ulimwengu ulivyomwona mtoto, naye mchezaji pekee ndiye anayejua kilichokuwa nyuma ya sura. Mchezo wote unaishi katika pengo hilo.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba shujaa na siri ni pacha. Fumo Liongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913, hakuingiwa na mkuki wala mshale. Alikuwa na pahali pamoja tu, kitovuni, na kitu kimoja tu, sindano ya shaba. Aliyeipeleka sindano hiyo alikuwa kijana, mwanawe mwenyewe, aliyetumwa na wakubwa na kuahidiwa ujira. Mapokeo ya uhakiki yamemtazama sana baba na kumtazama kidogo mwana. Na hali mwana ndiye aliyebeba kile ambacho michezo hii ya Kimarekani inakitafuta: umri mdogo, siri kubwa kuliko umri huo, na watu wazima waliokwisha kuamua yeye atumike kwa kazi gani.

Basi umbo hili lijaribiwe mbali na Ohio, mbali hata na pwani. Masieda iko katika nchi ya Mbulu na Hanang', mkoa wa Manyara, upande ambao nyanda za juu za Wairaqw zinateremka kuelekea bonde la Yaeda. Ni nadra katika Afrika kupata pahali ambapo lugha za namna nne zinakaribiana kiasi hiki: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, Kihadza chenye vidoko na kisicho na ndugu aliyethibitishwa, na lugha za Kibantu za majirani wa Singida. Darasani zote hizo zinakaa kimya, na Kiswahili kinashika zamu. Mtungaji anayetaka shule yenye watoto wenye maisha mawili hana haja ya kubuni chochote hapo.

Jambo la kwanza litakaloanguka ni kitabu chenyewe. Shule ya kata haipigi chapa kitabu cha rangi chenye sura ya kila mtoto. Mtungaji atakayeileta ada hiyo Masieda jinsi ilivyo atakuwa amejenga Ohio na kuipaka vumbi. Lakini shule ya Tanzania si maskini wa maandishi juu ya watoto. Lipo daftari la mahudhurio, ambalo mwalimu wa darasa hulijaza kila siku. Ipo orodha ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, inayobandikwa ukutani. Na ipo ripoti ya mzazi, yenye safu ya alama za masomo na safu ya pili inayomshinda mtungaji yeyote wa hadithi: tabia na mwenendo. Humo mtoto hupewa herufi kwa ushirikiano, kwa heshima, kwa usafi, kwa utii, kwa uaminifu. Shujaa anayeficha nguvu zake kwa muhula mzima apewe herufi gani katika uaminifu? Swali hilo moja lina mchezo mzima ndani yake, na halikutoka kwa mashujaa wa New York. Limo katika karatasi ambayo wazazi wa nchi hii wanaitia saini.

Kisha kuna majina. Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina, na huandikwa kwa herufi kama q na x, au kwa jozi kama tl, sl na hh. Jina Slaa linajulikana nchi nzima, na nchi karibu nzima inalitamka kwa sauti mbili za kawaida pale ambapo mwenyewe ana sauti moja ya pembeni ya ulimi. Mwalimu mgeni, mwenye daftari mbele yake na watoto sitini, huandika anachokisikia. Basi mtoto ana jina la nyumbani na jina la daftarini, na yote mawili ni yake. Katuni za Kimarekani zilihitaji kinyago na joho ili mtu awe wawili. Hapa inatosha kalamu ya mwalimu mwenye haraka.

Na hapo ndipo umbo hili linapoacha kuwa mchezo mtupu. Katika kitabu cha Dacron, aliyekosa picha anachekesha. Katika daftari la mahudhurio, aliyekosa alama kwa siku nyingi hukatwa jina. Mtoto aliyepelekwa na ng'ombe kiangazi ni mtoro. Mtoto wa Kihadzabe aliyerudi porini kwa wazee wake ni mtoro, na habari za watoto wa namna hiyo zimerudiwa tangu Serikali ilipoanza kuwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini katikati ya miaka ya 1960. Msichana aliyeshika mimba alifutwa kwa miaka mingi, mpaka Serikali iliporuhusu mwezi wa Novemba 2021 wasichana hao warejee shuleni. Daftari halikueleza, lilipiga mstari. Mtungaji atakayeandika daftari la kubuni la Masieda, mistari yote ikiwemo, na kuwaachia wachezaji wake waulize mstari huu ni wa nani na alikwenda wapi, atakuwa amefika pahali ambapo O'Rourke na Kenney, kwa ustadi wao wote, hawakuwa na sababu ya kufika. Shujaa aliyekesha akiwaokoa watu naye asubuhi ni mtoro kama wenzake. Mwalimu hana safu ya kuandika tofauti.

Afrika Mashariki imekwisha kupata shujaa kijana aliyeachwa na daftari. Katuni ya Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye ikaingia Tanzania, ina mhusika Boyie, aliyemaliza shule na kukosa kazi, ambaye kwa siri anaendesha redio chumbani kwake akijiita DJ B. Jirani zake wanamsikiliza na hawajui kuwa ni yeye. Nguvu yake ni kusikika tu. Watungaji wake walielewa kuwa siri ya kijana wa huku haina haja ya kutoka katika sayari nyingine: kijana anayeonekana hana kazi tayari amefichwa na macho ya watu. Dosari ya Shujaaz ni kwamba mara nyingi inajua mno inachotaka kufundisha, na mafunzo ya kilimo na afya humsukuma Boyie pembeni ya kisa chake mwenyewe. Daftari la kubuni lina faida hapo, kwa kuwa daftari halifundishi mtu kitu.

Hatari ya kweli ya kuipeleka michezo hii Masieda iko kwingine. Ni rahisi mno kumpa mtoto wa Kihadzabe upinde usiokosa, au kipawa cha kusema na ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Mtoto wa Kidatooga akapewa ukali wa vita, na wa Kiiraqw nguvu za udongo na mvua. Kazi ya namna hiyo itasifiwa kwa kuheshimu utamaduni, na itakuwa imefanya kilekile kilichofanywa na kila mgeni aliyepita bondeni na kamera. Ngano zenyewe ni huru kuliko hivyo. Mkusanyiko wa W. D. Kamera, Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, uliotoka mwaka 1978, unatosha kuwa onyo kwa anayedhani kwamba ngano ni kielelezo cha kabila. Nguvu za ajabu zigawanywe kwa dadu, bila kutazama ukoo. Mwenye kupaa awe yule ambaye daftari linasema ni mvivu wa michezo.

Limebaki jambo la saini. Wanafunzi wa huku, hata wasio na kitabu cha mwaka, wanapoagana hupeana madaftari wakaandikiana maneno ya kumbukumbu, mengine yamenakiliwa, mengine ya kweli, na pembeni maua ya kalamu nyekundu. Daftari kama hilo likiwekwa mezani kando ya lile la mahudhurio, mchezaji atakuwa na kauli mbili zinazopingana juu ya mtoto mmoja: ya mwalimu iliyopiga mstari, na ya rafiki iliyoandikwa wiki hiyohiyo. Mtungaji mwenye busara ataiacha saini moja katika lugha ambayo msimulizi mwenyewe haijui, imeandikwa na mtu wa Masieda anayeijua, bila tafsiri. Mezani atapatikana mmoja wa kuuliza inasema nini, na kikao cha kwanza kitakuwa kimeanza.