Metasaxophone: Nguvu ya Kidole Iliyokuwa Ikipotea

Mpiga saksafoni akishabonyeza kitufe na kifuniko kikaziba tundu, kazi ya kidole hicho imekwisha. Hata akikandamiza kwa nguvu zake zote, nota ni ileile. Nguvu hiyo ya ziada ndiyo Matthew Burtner, mtunzi wa Kimarekani mzaliwa wa Alaska, aliyoitafutia kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, alipoigeuza saksafoni ya tenor kuwa Metasaxophone.

Ala hakuibadilisha, bado inapulizwa kama kawaida. Juu ya vitufe, na mahali pachache nje ya vitufe, alibandika vihisi vya mgandamizo, vyembamba kama karatasi, ambavyo ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri kidole kinavyokaza. Kwenye mdomo mpana inakotokea sauti akaweka kihisi cha mwinamo, kinachojua ala imeinuliwa au imelazwa upande. Nyaya zote zinaingia kwenye kompyuta ndogo aina ya Basic Stamp, nayo inageuza volti kuwa namba za MIDI (lugha ya mawasiliano ya ala za kielektroniki), 0 hadi 127. Katika utunzi wake S-Trance-S wa 2001, namba hizo zinaendesha uzi usiokuwapo, uliokokotolewa na kompyuta, unaosuguliwa kwa upinde mithili ya fidla.

Mimi naona werevu wote uko kwenye uteuzi wa mahali pa kubandika. Lakini hapohapo ndipo penye tabu. Mpigaji mzuri hufundishwa kugusa vitufe kwa wepesi ili vidole vikimbie, na akipuliza kwa nguvu vidole hukaza vyenyewe bila yeye kujua. Namba inapanda, ilhali hakuikusudia. Programu inaweza kuagizwa ipuuze mgandamizo mdogo, ila dawa kubwa ni mazoezi upya, hata kwa bingwa.

Isitoshe, nota yenyewe ndiyo inayoamua vihisi vipi vina kidole. Nota za chini kabisa hufunga karibu vitufe vyote, kwa hiyo namba zinapatikana tele. Do kali ya katikati hupigwa vidole vikiwa vimeachia. Hapo vihisi vya vitufe vinanyamaza, na vinabaki vile vilivyowekwa nje ya vitufe pamoja na mwinamo. Mtunzi asiyelijua hilo ataandika muziki usiopigika.

Ukitaka kujaribu kwenye ala yako, anza na kihisi kimoja, ukibandike mahali ambapo kukaza hakubadilishi sauti, na hakikisha waya hauzuii kitufe kurudi juu.