Shilingi Tano na Kengele ya Saa Saba Kasorobo

Ni muhula wa tatu, saa sita na nusu mchana, katika shule moja ya msingi ya umma upande wa Westlands. Uwanja mzima unanukia ndengu. Watoto wa chekechea wametangulia kwenye foleni, na kila mmoja amekunja mkono wa sweta ili bangili yake ionekane. Mtoto akifika anaigusisha kwenye kifaa alichoshika mhudumu, kifaa kinalia mara moja, naye anapokea sahani ya wali, ndengu na kabeji. "Anti, niongezee supu," anasema mmoja, na supu anaongezewa. Nilijaribu kuhesabu moyoni. Kati ya mtoto na mtoto hazikupita sekunde kumi.

Mpango huu wanauita Dishi na County. Rais William Ruto aliuzindua Juni 2023 katika Shule ya Msingi ya Roysambu akiwa na Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, na wanafunzi wakaanza kula muhula wa tatu wa mwaka huohuo. Awamu ya kwanza ilikuwa na majiko makubwa kumi yaliyojengwa ndani ya viwanja vya shule, kwa lengo la kulisha watoto 250,000. Mshirika wa kaunti ni Food4Education, shirika ambalo Wawira Njiru alilianzisha Ruiru mwaka 2012. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, kaunti hutoa 25. Kwa shilingi 5, pale Kangemi hupati hata mandazi moja.

Kuhusu siasa za mpango huu tumesoma mengi. Namna kazi yenyewe inavyofanyika imeandikwa kidogo sana, nami nimeitazama muhula mzima. Naona kila kitu kimepangwa kinyumenyume kuanzia kengele ya chakula, ile ya saa saba kasorobo. Kwa hiyo nitaanza kwa mtoto aliyeshika sahani, nirudi nyuma hadi kwenye sufuria.

Chukua shule ya watoto 1,000. Saa ya chakula ni moja, lakini watoto wanawe mikono, wale, waoshe sahani na wacheze kidogo, kwa hiyo za kugawa ni dakika 40 tu. Hizo ni sekunde 2,400. Ukiwa na foleni nne, kila foleni ina watoto 250, na kila mtoto ana sekunde tisa na nusu hivi. Sasa weka sarafu katika hesabu hiyo. Mmoja ameleta shilingi 20 na anangoja chenji ya 15. Mwingine sarafu yake imedondoka kwenye nyasi. Wa tatu mama ameahidi kulipa kesho. Kila mmoja wao akichukua nusu dakika, watoto wa mwisho watakula kengele ya kurudi darasani ikilia. Jioni mwalimu anabaki na shilingi 5,000 za sarafu mezani, azihesabu, aziandike, azifungie, na alale akiwa na wasiwasi nazo. Kwa muda wa foleni peke yake, malipo ya sarafu yangeuangusha mpango mzima.

Bangili imeondoa malipo kwenye foleni. Ndani yake mna kipande kidogo cha kielektroniki na uzi wa antena. Haina betri. Ikisogezwa karibu na kifaa cha mhudumu, sentimita chache tu, kifaa huipa nguvu kupitia mawimbi, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Basi. Pesa hazimo ndani ya bangili, zimo kwenye akaunti ya mtoto, na mzazi huziweka kwa M-Pesa akiwa sokoni au kitandani. Wakenya wamekuwa wakitumiana pesa kwa simu tangu 2007, kwa hiyo hakuna mzazi aliyehitaji kufundishwa kitu kipya. Mama anayeuza mboga kando ya Naivasha Road analipia chakula cha wiki kwa njia ileile anayolipia nyanya kwa jumla.

Jambo la pili linalofanywa na bangili halionekani kwa macho, nami naliona kubwa kuliko la kwanza. Kila mguso ni hesabu. Watoto wakimaliza kula, jikoni wanajua shule ile imekula sahani ngapi leo, Jumatatu iliyopita ngapi, na siku ya mvua ngapi. Rejista ya shule itakuambia ni watoto wangapi wameandikishwa, lakini aliyeandikishwa huenda leo ana homa, au amebaki nyumbani kulea mdogo wake. Ukipika kwa rejista, kila sufuria ni makisio: leo unamwaga, kesho kinapungua. Ukipika kwa idadi ya waliokula jana, makosa yanabaki madogo. Katika chakula cha bei ya chini namna hii, kilo chache zinazomwagwa kila siku katika kila shule zinatosha kuua bajeti.

Kuna la tatu, na hili lina uzito moyoni mwangu. Bangili ni moja kwa wote. Wa nyuma kwenye foleni hawezi kujua ya nani imelipiwa na mzazi na ya nani imelipiwa na mfadhili. Mtu aliyewahi kusimama pembeni mwa darasa kwa sababu jina lake lilisomwa kati ya wasiolipa anajua maana ya hilo.

Turudi nyuma hatua moja, barabarani, ambako chakula husafirishwa kutoka majikoni hadi shule nyingine. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selisiasi hadi kiliwe. Wali hasa ni wa kuangaliwa, maana una bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili mchemko. Wali ukipoa taratibu na kukaa, zinaamka na kuzaana, na jioni tumbo la mtoto linalipa. Vyombo visivyopitisha joto husaidia, lakini navyo vina mwisho. Ndiyo maana naona uamuzi wa kusambaza majiko katika maeneo mbalimbali, badala ya kujenga moja kubwa Industrial Area, ulikuwa sahihi. Anayeijua Waiyaki Way saa tano unusu za asubuhi, mvua za Oktoba zikiwa zimefika, hahitaji maelezo zaidi. Nchini India, Akshaya Patra wamepika katika majiko makubwa tangu mwaka 2000, mengine yakilisha watoto zaidi ya laki moja kutoka sehemu moja. Nairobi imechukua wazo hilo na kulipunguza ukubwa ulingane na msongamano wake, tangu shule za katikati ya jiji kama Moi Avenue na St. Peter Clavers hadi za Kangemi na Kawangware.

Nyuma zaidi kuna sufuria yenyewe, na hapa jiografia inaingia jikoni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi ardhi inazidi kupanda. Kwenye kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Nyuzi sita ni chache ukizitamka, lakini maharagwe yanazijua. Maharagwe makavu ambayo Mombasa yangeiva mapema, hapa yanadai muda zaidi na kuni zaidi, na kazi ya kuyaloweka inabidi ianze usiku wa kuamkia siku hiyo. Ndengu ni punje ndogo, ganda lake jembamba, inaiva haraka kuliko maharagwe. Kuiona kwenye sahani mara kwa mara hakukunishangaza hata kidogo.

Moto nao umebadilishwa. Mpishi wa shule tunayemkumbuka alikuwa mama mwenye macho mekundu, amesimama juu ya mafiga matatu na mwiko mrefu kama jembe, chini wali umeungua na juu haujaiva. Katika jiko la mvuke, boila moja huchemsha maji, na mvuke wake hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye masufuria yenye kuta mbili. Mvuke unapita kati ya kuta, joto linaenea pande zote sawa, na hakuna mahali ambapo ndimi za moto zinalamba chuma. Wali wa chini na wa juu unaiva pamoja. Ndani ya sufuria maji bado yanachemka kwa nyuzi zilezile 94, kwa hiyo mvuke hauondoi haja ya kuloweka. Unachoondoa ni moshi na ukoko.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti elimu ya chekechea. Shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Kaunti kulisha watoto wa gredi ya nne kulihitaji makubaliano na Wizara ya Elimu.

Pesa ndizo zinazonitia hofu. Shilingi 25 mara watoto 250,000 ni shilingi milioni 6.25 kwa kila siku ya masomo, na kila gavana nchini amewahi kulalamika kuwa mgao kutoka Hazina ya Taifa umechelewa. Sisi tuliokunywa Maziwa ya Nyayo shuleni tunakumbuka pakiti zile za pembetatu. Yalianza 1979, yakapendwa nchi nzima, na miaka ya tisini yakatoweka. Yalikuwa ya bure kabisa, na mfuko wa serikali ulipotoboka hakukuwa na mwingine wa kuyashikilia. Ndiyo maana mimi naitetea ile shilingi 5 ambayo wengine wanataka iondolewe. Haijazi sufuria, lakini mzazi aliyelipa kitu ana haki ya kuuliza mbona leo chakula hakikuja, na anauliza.

Lipo pengo ambalo hesabu zote hizi hazijaliziba. Kangemi na Kawangware zimejaa shule ndogo za watu binafsi, madarasa ya mabati yanayosomesha watoto ambao shule za umma hazikuwatosha. Mpango ulibuniwa kwa shule za umma. Katika ploti moja, mlango kwa mlango, mtoto mmoja anavaa bangili na kula ndengu moto, na jirani yake wa umri uleule anapitisha mchana kwa chai ya asubuhi. Wote wawili wakifika gredi ya sita, mwisho wa muhula huu, wanafanya tathmini ileile ya KPSEA, kwa karatasi ileile na muda uleule.

Boila zipo, magari yapo, namba zinahesabika hadi sahani ya mwisho. Mpango unaoweza kujua kwamba jana mtoto fulani hakula hauwezi kushindwa kujua watoto walio ng'ambo ya ukuta wa shule. Kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi, ombi langu ni moja: kabla shule hazijafunguliwa Januari, wahesabuni na hao.